Leza Kwenye Jino: Uliza Joto Linakwenda Wapi

Wadau, kuna maneno ambayo yakibandikwa kwenye bango bei hupanda yenyewe. Zamani lilikuwa "kompyuta". Kisha likaja "dijitali". Kwa upande wa meno, neno lenyewe ni "leza". Kliniki ikiandika kwamba ina leza, mtu anawaza daktari asiye na sindano na jino linalotibiwa bila ile mashine inayolia kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa.

Mimi si daktari wa meno. Kazi yangu ni kuandika programu, na ninaifanyia hapa Olympic, Kibera, katika chumba kilicho juu ya fundi simu. Lakini majirani wakishajua kwamba unashika kompyuta, kila kitu chenye waya au mwanga huletwa kwako. Juzi mama mmoja wa hapa mtaani aliniuliza: "Kijana wangu, hii leza wanayosema, inachoma jino ama inalitibu?"

Swali hilo ni zuri kuliko mabango yote niliyowahi kuyaona. Nimesoma, nimeuliza, na jibu ni kwamba inaweza kufanya yote mawili. Chombo ni kilekile, mkono ni uleule, tofauti ni mipangilio. Sisi waandishi wa programu tunalijua hili: namba moja ikibadilika kwenye faili la mipangilio, mfumo mzima unaanguka.

Msimamo wangu niuseme mapema ili tusipotezeane muda. Leza ni chombo kizuri, lakini haitoshi kuuliza kama kliniki inayo. Uliza joto lake linakwenda wapi. Pili, kwa mitaa kama yetu, kuna njia baridi ya kutibu jino iliyozaliwa papa hapa Afrika Mashariki, nayo inastahili kelele nyingi kuliko leza.

Jino si jiwe

Tuanze na jino lenyewe. Ile sehemu nyeupe ngumu ya nje inaitwa enameli. Kwa uzito, karibu asilimia 96 ya enameli ni madini. Kilichobaki ni maji na protini kidogo. Chini yake kuna dentini, yenye rangi ya manjano hafifu. Dentini ni mchanganyiko: karibu asilimia 70 madini, asilimia 20 protini ambayo nyingi ni kolajeni, na asilimia 10 maji. Imejaa vijibomba vidogo mno, makumi ya maelfu katika kila milimita moja ya mraba, vyote vikielekea kwenye moyo wa jino. Huko moyoni ndiko kuliko na neva na mishipa ya damu. Ndiyo sababu soda baridi ikigusa dentini iliyo wazi unaruka kutoka kwenye kiti.

Madini hayo ni ya kalsiamu na fosfeti, aina inayoitwa haidroksiapataiti. Lakini katika jino si safi. Ndani yake imejipenyeza kaboneti, na kaboneti hiyo hulifanya jino liyeyuke kwa urahisi zaidi kwenye asidi. Bakteria wa kinywani wakipata sukari hutoa asidi. Kipimo cha pH kikishuka hadi 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini. Dentini haifiki huko; huanza kuyeyuka pH ikiwa bado juu ya 6. Mkumbuke hiyo kaboneti, tutairudia.

Joto likiingia, nini kinatokea?

Sisi watu wa Kibera tuna mfano wetu wa karibu. Kuna karakana hapa mtaani zinazotengeneza vipuli na bangili kwa mifupa ya ng'ombe. Pita karibu fundi akikata mfupa mkavu kwa mashine, utasikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Hiyo ni protini ya mfupa, hasa kolajeni, inayoungua. Mfupa na dentini ni ndugu: yote mawili ni madini yaliyoshonwa kwa kolajeni. Enameli ni tofauti, karibu haina kitu cha kuungua.

Ukiweka kipande cha jino kwenye tanuri na kupandisha joto pole pole, mambo hufuatana hivi:

1. Likipita nyuzi 100 za Selsiasi, maji huanza kuondoka. Dentini inasinyaa, na nyufa huanza kujitokeza.

2. Kati ya nyuzi 200 na 400, protini inaungua. Dentini inageuka kahawia, kisha nyeusi kama makaa.

3. Katika nyuzi mia kadhaa kwenda juu, kaboneti hutoka kidogo kidogo ikiwa gesi ya kabonidayoksaidi, ile ile tunayoitoa tukipumua.

4. Likipita nyuzi 1,000, madini hubadilika umbile, na likizidi zaidi huyeyuka na kupoa yakiwa kama kioo.

Mtashangaa: nyuzi 1,000 zitaingiaje kinywani mwa mtu naye akaondoka akiwa hai? Fikirieni fundi wa kuchomelea vyuma. Cheche inayoruka ina joto la kuyeyusha chuma, lakini ikikugusa mkono inauma kidogo na kuzimika. Sufuria ya uji ina joto dogo sana kuliko cheche, lakini ikikumwagikia unalazwa hospitalini. Ukali wa joto ni kitu kimoja, wingi wake ni kitu kingine. Leza inaweza kupandisha joto la ngozi nyembamba kabisa ya jino kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na moyo wa jino usijue kama kuna mgeni mlangoni.

Au ujue. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mwaka 1965 Leo Zach na Gerson Cohen walichapisha jaribio ambalo mpaka leo linatajwa karibu katika kila andiko kuhusu joto na meno. Walipasha joto meno ya nyani kutoka nje na kuangalia moyo wa jino ulivyofanya. Joto la ndani lilipopanda kwa nyuzi 5.5 tu, asilimia 15 ya meno hayakupona. Lilipopanda kwa nyuzi 11, asilimia 60 hayakupona. Lilipopanda kwa nyuzi 16 na ushei, yote yalikufa. Wapo watafiti waliokuja baadaye wakasema kipimo hicho ni kikali mno, lakini kimebaki kuwa mstari wa tahadhari. Nyuzi 5.5 ni kidogo sana. Ni tofauti kati ya mwili wenye afya na homa ya kuua.

Leza moja si nyingine

Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani mwaka 1960 huko California. Ilikuwa ya fuwele ya yakuti nyekundu. Haikupita miaka mingi kabla ya watu kuielekeza kwenye meno. Ralph Stern na Reidar Sognnaes wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliripoti mwaka 1964 jinsi ilivyoathiri enameli na dentini. Mwaka 1965 Leon Goldman, daktari wa ngozi, aliipiga kwenye jino la mtu aliye hai. Mtu huyo alikuwa ndugu yake mwenyewe, Bernard, ambaye alikuwa daktari wa meno! Undugu kufaana.

Leza hiyo ya yakuti haikufaa kazi ya kuchimba jino. Enameli hailinyonyi vizuri lile wimbi la mwanga mwekundu, kwa hiyo sehemu kubwa hupita na kwenda ndani. Ni kama jua linavyopita kwenye kioo cha matatu pale Ngong Road kwenye foleni ya magari: kioo hakilalamiki, wewe uliyekaa dirishani ndiye unayeungua. Katika jino, aliyekaa dirishani ni ile neva.

Kwa hiyo swali la kwanza la leza yoyote ni urefu wa wimbi lake, yaani rangi yake, hata kama jicho haliioni. Leza ya erbiamu hutoa wimbi la nanomita 2,940, ambalo maji hulinyonya kwa nguvu kuliko karibu kitu chochote. Leza za kabonidayoksaidi hutoa nanomita 9,300 hadi 10,600, na zile za 9,300 na 9,600 hunyonywa sana na fosfeti, yaani na madini yenyewe ya jino. Zote hizi humaliza nguvu zake juu juu, kabla ya kufika ndani.

Leza ya erbiamu inachimbaje? Fikirieni bisi. Punje ya mahindi hupasuka kwa sababu maji yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke na kukosa pa kutokea. Katika jino ni vivyo hivyo. Yale maji machache yaliyojificha kati ya madini huchemka ghafla, yakapasua na kurusha chembe nje. Chembe zikiruka, huondoka na sehemu kubwa ya joto. Jino lililooza lina maji mengi kuliko jino zima, kwa hiyo hupasuka kwa urahisi zaidi. Mwaka 1997 FDA, mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, iliruhusu leza ya aina hii itumike kuondoa sehemu ya jino iliyooza.

Lakini shuka ngazi tuongee na fundi simu. Ana mashine ya kupuliza hewa moto ya kung'oa chipu kwenye bodi. Anajua kwamba joto likiwa dogo chipu haitoki, likiwa kubwa bodi inavimba, na akisahau kufunika sehemu za jirani kwa karatasi ya kuzuia joto, simu iliyokuja na ubovu wa chaji inaondoka bila sauti. Hauliziwi kama ana mashine. Anajulikana kwa mkono wake: nyuzi ngapi, umbali gani, sekunde ngapi. Leza ya meno ina vitu hivyo hivyo: nguvu ya kila pigo, urefu wa pigo, mapigo mangapi kwa sekunde, na maji yanayorushwa ili kupoza. Zima maji, acha leza ipige palepale bila kusogea, nawe utapata dentini nyeusi yenye nyufa na jino litakaloanza kuuma usiku.

Kuchoma kunakolinda

Sasa turudi kwenye kaboneti. Stern na Sognnaes waligundua pia kwamba enameli iliyopigwa leza ilistahimili asidi kuliko isiyopigwa. Watafiti wengi wamefuata njia hiyo tangu wakati huo. Mojawapo ya maelezo makuu ni lile nililowaambia mkumbuke: joto likiifukuza kaboneti, madini yanayobaki huyeyuka kwa shida zaidi. Hapa leza haitumiwi kuchimba; hupashwa kiasi tu, chini ya kiwango cha kurusha chembe. Ikifuatana na floraidi, kinga huwa kubwa zaidi katika majaribio mengi ya maabara.

Wataalamu wa visukuku wanaijua tabia hiyo kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1996 Thure Cerling na Zachary Sharp walieleza jinsi ya kupiga enameli ya kale kwa leza, kukusanya kabonidayoksaidi inayotoka, na kupima kaboni yake ili kujua kama mnyama alikula nyasi au majani ya miti. Cerling ni mtu aliyefanya kazi miaka mingi na meno ya kale kutoka bonde la Turkana. Gesi ambayo daktari anaifukuza ili kulilinda jino la leo ndiyo hiyo anayoidaka mtafiti ili kusoma chakula cha mnyama aliyekufa kabla ya historia.

Hata hivyo, msikimbilie kuomba mpigwe leza kinywa kizima. Kinachoisaidia enameli kinaweza kuiharibu dentini. Dentini ikipata joto hilo, kolajeni yake huharibika, na kolajeni ndiyo ambayo gundi nyingi za kuziba meno hujishikiza nayo. Ukiichoma, kiziba kinashika vibaya na baada ya muda kinatoka. Amri moja, mifumo miwili, matokeo tofauti kabisa. Aliyewahi kuhamisha programu kutoka Windows kwenda Linux ananielewa.

Ambayo mabango hayasemi

Mwaka 2016 mtandao wa Cochrane, unaopitia ushahidi wa tiba, ulikusanya majaribio 9 yenye washiriki 662 yaliyolinganisha leza na mashine ya kawaida ya kuchimba. Ushahidi ulikuwa dhaifu. Hawakuona tofauti ya wazi katika kuondoa uozo. Leza ilionekana kupunguza maumivu na haja ya sindano ya ganzi. Hilo si jambo dogo, hasa kwa mtoto anayeogopa. Lakini "inauma kidogo" na "inatibu vizuri zaidi" ni sentensi mbili tofauti, na bango huziunganisha.

Tena, mashine yenyewe hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Haifai kuondolea viziba vya zamani vya amalgamu, kwa sababu vina zebaki na joto huitoa ikiwa mvuke. Inataka stima ya uhakika, maji safi, miwani maalumu kwa kila aliye chumbani, na mtu aliyefunzwa. Nani atalipia gharama hizo? Mgonjwa. Na mgonjwa wa Olympic akikadiria bei, mara nyingi huishia kumeza dawa ya maumivu ya duka la dawa na kungoja mpaka jino ling'olewe.

Njia baridi iliyozaliwa Tanzania

Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa wa shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, Jo Frencken na wenzake walikabili tatizo la vijiji visivyo na umeme wala mashine. Wakachukua vifaa vya mkono, wakakwangua sehemu laini iliyooza tu, wakaziba kwa saruji ya meno inayoshikamana na jino. Njia hiyo inajulikana duniani kwa herufi ART. Shirika la Afya Duniani liliitangaza katika Siku ya Afya Duniani mwaka 1994, na leo inafundishwa katika nchi nyingi.

Tazameni sasa. Leza ya mamilioni inajisifu kwamba inaondoa uozo na kuacha jino zima, na kwamba mara nyingi haihitaji sindano. Kijiko kidogo cha mkono kinafanya kazi hiyo hiyo katika mashimo mengi madogo, na joto linaloongezeka kwenye moyo wa jino ni sifuri. Nyuzi 5.5 hazina nafasi hata ya kujadiliwa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliongeza dawa za meno katika orodha yake ya dawa muhimu: dawa ya mswaki yenye floraidi, saruji ya glasi-ayonoma, na silva daiamini floraidi, tone la majimaji linalosimamisha uozo (hulifanya shimo liwe jeusi, lazima mwambiwe mapema). Hakuna hata moja inayohitaji soketi ukutani.

Kwa hiyo serikali au mfadhili akija Kibera na kusema ana fedha za meno, mimi kama mpenda mashine nitamwambia aanze na hivyo vitatu pamoja na wauguzi na wahudumu waliofunzwa, waende mpaka shuleni. Leza ije baadaye, kwa kazi zinazoihitaji.

Meno yetu yapimwe

Jambo la mwisho, na hili ni kwa watu wa vyuo vikuu. Vipimo vingi vya leza na joto vimefanywa maabara kwa meno ya kawaida yaliyong'olewa, na mara nyingi kwa meno ya ng'ombe. Lakini Bonde la Ufa, kuanzia Nakuru mpaka Arusha, na hata baadhi ya visima vya Nairobi, maji yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekua akiyanywa hupata meno yenye madoa ya kahawia. Enameli ya namna hiyo ina vinyweleo zaidi na hubakiza protini zaidi. Maana yake maji na joto havitatembea ndani yake kwa njia ile ile. Mwandishi wa programu huijaribu kwenye simu za wateja wake, haijaribu kwenye simu ya dukani London kisha akasema imemalizika. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundisha udaktari wa meno tangu miaka ya 1970. Mipangilio ya mashine ijaribiwe kwa meno yetu kabla ya kuaminiwa.

Maswali ya kwenda nayo

Ukifika kliniki yenye bango la leza, uliza kwa heshima:

1. Daktari, hii ni leza ya aina gani, na imeruhusiwa kwa jino gumu ama kwa fizi tu?

2. Itapozwa kwa maji muda wote?

3. Shimo langu limefika kwenye dentini? Kiasi gani kimebaki kabla ya moyo wa jino?

4. Kwa shimo kama langu, kifaa cha mkono kingetosha?

5. Na kama mnatumia mashine ya kawaida, maji yake yanafanya kazi? Maana hata hiyo ikikauka inachoma.

Daktari mzuri atafurahi kuulizwa. Akikasirika, bado umepata jibu.

Nawasilisha. Madaktari wa meno mnaosoma hapa, tupanueni mawazo, hasa mliowahi kutumia ART na leza zote mbili.